Ujumbe wa giza ulioishia shingoni: kisa cha mkwezi asiyelala usiku

Usuli

Kisa hiki kimetoka katika kijiji kimoja cha pwani, kusini mwa jiji la Tanga, kwenye ukanda wa minazi unaofuata barabara ya Pangani. Nimeondoa jina la kijiji, majina ya watu, umri kamili na mwaka. Mgonjwa nitamwita Mkwezi, kwa kuwa ndiyo kazi aliyoifanya tangu ujana na ndiyo iliyomlaza kitandani. Yeye na mkewe wameridhia kisa kiandikwe. Mimi ni afisa tabibu, na nilikuwa nikimtembelea nyumbani baada ya kutoka wodini.

Ni mwanamume wa makamo, mkavu wa mwili, ambaye hakuwa na ugonjwa wowote kabla ya ajali. Ilikuwa masika. Mvua ilikuwa imekatika alfajiri, shina la mnazi bado limeloa, na mwenye shamba alitaka nazi zianguliwe siku hiyohiyo kabla gari halijafika. Mguu ulitoka kwenye kidato akiwa karibu kufika kileleni. Alitangulia bega na kichwa. Wenzake walimnyanyua kwa mikono na miguu, wakampakia kwenye gari la mizigo huku kichwa kikining'inia. Anayeanguka namna hii alazwe juu ya ubao au mlango ulionyooka, na mtu mmoja amshike kichwa kwa mikono miwili asikiachie mpaka hospitali. Sijui kama shingo ilikatika pale chini ya mnazi au garini, na sitajua.

Picha ilionyesha pingili ya tano ya shingo imeteleza juu ya ya sita. Mabega yanafanya kazi, viwiko vinakunjika, viganja vinainuka kidogo. Kuanzia kifuani kwenda chini hakuna mwendo wala hisia. Ugwe mgongo, yaani ule mkanda wa neva unaopita ndani ya uti wa mgongo, ulikuwa umeumia kikamilifu. Neno hilo "kikamilifu" lishikwe, maana nitalirudia.

Mambo yalivyofuatana

Miezi ya mwanzo hakuna aliyeuliza habari ya usingizi. Wodini taa haizimwi na wagonjwa hawanyamazi, kwa hiyo asiyelala haonekani ajabu. Aliporudi nyumbani tulishughulika na ngozi, kibofu na choo, kwa sababu hivyo ndivyo vinavyoua upesi watu wa aina yake.

Mwezi wa nne nilifika asubuhi nikamkuta shangazi yake barazani anachambua mchele.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Mwenzio ndani halali. Usiku kucha macho kodo, mchana ndiyo anakoroma. Mti ule una wenyewe."

Mkewe alinifuata mpaka mlangoni akaniambia kwa sauti ya chini: "Daktari, si kwamba analia. Anasema yuko macho tu, kama mchana."

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyobeba jibu, nami niliyapita. Nilimwona mtu aliyezoea kuitazama bahari kutoka juu ya minazi, sasa anatazama dari la makuti, nikasema hii ni huzuni. Niliandika dawa ya huzuni, amitriptilini, miligramu 25 za usiku. Siku ya tatu walipomketisha ili anywe uji alizirai. Neva zinazobana mishipa ya damu miguuni na tumboni zilikuwa zimeshapoteza amri ya ubongo, damu inashuka chini kila anapoinuliwa, na mimi nilikuwa nimeongeza dawa inayoishusha presha zaidi. Niliisimamisha siku hiyo.

Wiki mbili baadaye ndugu mmoja, kwa huruma, alileta diazepamu kutoka duka la dawa. Usiku wa kwanza Mkwezi alilala na nyumba nzima ikashukuru. Asubuhi ya tatu walishindwa kumwamsha vizuri. Midomo imekuwa ya kijivu, makohozi yanachemka kooni. Mtu aliyekatika ugwe mgongo shingoni anapumua kwa kiwambo peke yake, yaani msuli ulio kati ya kifua na tumbo; misuli ya mbavu na ya tumbo haimsaidii, na kukohoa kwake ni dhaifu. Dawa ya kulegeza misuli na kupunguza msukumo wa kupumua ni hatari kwake kuliko kwa wewe na mimi. Tulimgeuza ubavu, tukamsaidia kukohoa kwa kumkandamiza tumbo kila anapotoa pumzi, akapelekwa kuwekewa oksijeni kwa usiku mmoja.

Halafu likaja tukio la tatu, ambalo lilikaribia kutupoteza njia. Usiku alishikwa na kichwa cha kupasua, uso na shingo vikawa vyekundu vikatoa jasho la moto, huku miguu imekauka. Shangazi alianza kisomo. Mkewe, ambaye nilikuwa nimemfundisha, alipapasa mpira wa mkojo akaukuta umebanwa chini ya paja. Alipouachia, mkojo ukajaza mfuko na kichwa kikatulia ndani ya dakika chache. Kwa aliyeumia ugwe mgongo kuanzia kifua cha kati kwenda juu, kibofu kilichojaa kinaweza kupandisha presha ya damu ghafla mpaka mshipa wa ubongo ukapasuka. Mketishe, legeza nguo, fuatilia mpira wa mkojo mpaka mwisho wake, na kama presha haishuki, hospitali. Naliandika hapa kwa kirefu kwa sababu ni dharura, na kwa sababu nilipolisikia nilidhani nimekipata kinachomwamsha. Haikuwa hivyo. Mpira ulipokaa sawa, macho yalibaki macho.

Daftari

Nilimwomba mkewe aandike kila anapomgeuza, usiku 14. Alichukua daftari la mtoto la shule, lenye jedwali la kuzidisha kwenye jalada la nyuma. Ukurasa mmoja ulisomeka hivi:

"Saa 4 kulia. Macho. Saa 6 kushoto. Macho, anaongea. Saa 8 mgongo. Macho. Saa 10 kulia. Amesinzia. Saa 12 asubuhi macho. Saa 3 asubuhi amelala mpaka saa 5."

Kati ya usiku 14, usiku 11 alikuwa macho saa 8 usiku, saa ambayo kijiji kizima kimezama usingizini. Niliyasoma macho ya Mkwezi kwenye ukurasa ule mara tatu kabla sijauona mkono ulioandika. Kila baada ya saa mbili, mwandiko uleule, umenyooka, unasomeka. Unasomeka kwa sababu balbu nyeupe ya sola ilikuwa imetundikwa kwenye boriti juu ya kitanda na haikuzimwa tangu mgonjwa aletwe. Na kila baada ya saa mbili aliyeamka kuandika ni mama huyu. Alikuwa hajalala saa tatu mfululizo kwa miezi. Wiki hiyohiyo alisinzia jikoni na sufuria ya uji ikamwagika karibu na mguu wa mtoto. Mimi nilikuwa nikiingia katika nyumba ile nikimpima mtu mmoja.

Swali la simu

Nilimpigia daktari bingwa mmoja. Hakuniuliza habari ya huzuni wala dawa. Aliuliza: jeraha ni kamili? Liko shingoni au chini ya kifua? Nilipojibu, akasema, "Basi tezi yake ya pineali haipati habari kwamba usiku umeingia."

Tezi ya pineali iko katikati ya ubongo na haizidi punje ya mbaazi. Ndiyo inayotengeneza melatonini, homoni inayouambia mwili kwamba ni usiku, ambayo Aaron Lerner na wenzake wa Chuo Kikuu cha Yale waliitenga mwaka 1958 kutoka kwenye tezi za ng'ombe. Mchana tezi ina akiba ya kemikali iitwayo serotonini. Usiku kimeng'enya, yaani protini inayobadili kemikali moja kuwa nyingine, kinachoitwa serotonini N-asetiltransferasi, kwa kifupi AANAT, kinaibadili serotonini hiyo, kisha kimeng'enya cha pili kinamalizia na melatonini inamwagika kwenye damu. Kinachopanda na kushuka sana kati ya usiku na mchana ni kile cha kwanza. Mwaka 1970 David Klein na Joan Weller, watafiti wa Marekani, walionyesha kwamba ndani ya pineali ya panya kimeng'enya hiki kinapanda usiku mara kadhaa na kushuka mchana, na kwamba mwendo huo unaendelea hata panya akiwekwa katika giza la kudumu. Yaani kuna saa inayouendesha. Mwaka 1972 walionyesha jambo la pili: mwangaza ukiwashwa katikati ya usiku, nguvu ya kimeng'enya inaanguka kwa nusu ndani ya dakika tatu hivi.

Dakika tatu. Protini nyingi za mwili hukaa saa au siku. Hiki kinaanguka haraka kwa sababu uhai wake unategemea amri isiyokatika. Usiku neva zinazoishia kwenye tezi zinamwaga noradrenalini, kemikali ya neva ya kupeleka ujumbe. Noradrenalini inainua ndani ya seli kemikali ya kupokezana ujumbe iitwayo AMP duara. Hiyo inafanya AANAT ibandikwe fosfeti, na kikishabandikwa kinakumbatiwa na protini ya kukilinda, ile iitwayo 14-3-3. Ujumbe ukikatika, fosfeti inabanduka, mlinzi anaondoka, na mashine ya seli ya kuvunja protini inakitafuna. Kwa panya seli inaanza kila usiku kwa kuandika upya nakala za jeni ya kimeng'enya. Kwa binadamu na ng'ombe nakala hizo zipo hata mchana, na kinachoamua ni kama protini yenyewe inalindwa au inavunjwa.

Sasa njia ya ujumbe. Saa ya mwili ni kishada kidogo cha seli sehemu ya chini ya ubongo, juu ya makutano ya neva za macho, na macho yanakipa habari za mwanga. Kutoka hapo mpaka pineali ni sentimita chache tu ndani ya fuvu lilelile. Lakini ujumbe haukati moja kwa moja. Unashuka kwenye ugwe mgongo, unapita shingoni, unatokea sehemu ya juu ya kifua, unapanda tena nje ya uti wa mgongo mpaka kwenye fundo la neva lililo juu shingoni, ndipo unaingia fuvuni kuifikia tezi. Ni kama mtu wa Chumbageni, mtaa wa jiji la Tanga, anayemtumia jirani wa ukuta wa pili barua kwa kupitia Pangani. Daraja la Mkwezi lilivunjika wakati barua inashuka.

Watafiti waliowapima watu waliokatika ugwe mgongo kikamilifu shingoni hawakuikuta melatonini ya usiku, huku homoni nyingine zenye mwendo wa siku, kama kortisoli, zikiendelea na mwendo wake. Waliokatika chini zaidi, kifuani kati au kiunoni, melatonini yao hubaki. Hapo nilimkumbuka mgema mmoja niliyemhudumia zamani, aliyevunjika kiuno. Alikuwa na huzuni kubwa kuliko ya Mkwezi, na usiku alikuwa akilala.

Tulivyoamua, na kwa nini

Kupima melatonini kwenye damu au mkojo hatukuweza. Tuliamua kwa kufuata ramani ya neva na daftari.

Dawa zote za kulaza tulizizuia. Mkewe alifundishwa kusikiliza: anakoroma? Pumzi inasimama, halafu anashtuka? Kukatika kwa pumzi usingizini ni kwingi kwa watu hawa, na kunazidi wakilala chali. Alisikia mikato michache, yote akiwa chali. Tukaondoa chali kwenye zamu za usiku, ukabaki ubavu kwa ubavu.

Kugeuza kila saa mbili ni kanuni niliyofundishwa na nilikuwa naiogopa kuigusa, maana kidonda cha mgandamizo kikifika mfupa ni safari ndefu. Tulitafuta godoro zito la sponji, tukaweka mito kati ya magoti na kuinua visigino, halafu usiku tukasogeza iwe kila baada ya saa tatu. Kila asubuhi ngozi ya nyonga na kifundo iliangaliwa: unabonyeza kwa kidole, na wekundu unapaswa kufifia unapobonyeza. Wekundu ukibaki, tunarudi kila saa mbili. Baada ya wiki tatu tukafika kila saa nne. Shemeji wa kiume akachukua zamu ya saa 8 usiku.

Asubuhi, saa 1 mpaka saa 3, alitolewa barazani. Saa iliyo ubongoni ilikuwa nzima na macho mazima, kwa hiyo mwanga wa asubuhi ulikuwa bado na kazi ya kumwambia mwili siku imeanza. Aliinuliwa kwa hatua, miguu imefungwa bendeji na kitambaa kimezungushwa tumboni, asizirai tena. Jua likipanda alirudishwa ndani, kwani chini ya jeraha hatoki jasho na joto la Tanga linampandishia homa isiyo ya ugonjwa. Madirisha yalifunguliwa usiku, chandarua kikabaki.

Balbu nyeupe iliondolewa. Mahali pake pakawekwa chemli iliyoshushwa utambi, chini sakafuni, nyuma ya kiti, ya kutosha kuona mto na mpira wa mkojo.

Mwisho, daktari bingwa alishauri melatonini ya vidonge, miligramu 3, saa 3 usiku. Ndugu aliyeko Dar es Salaam aliinunua. Hoja ilikuwa nyepesi: tunampa kile ambacho tezi yake imezuiwa kutengeneza, kwa saa ambayo ingetengeneza, na haibani pumzi kama diazepamu.

Matokeo

Wiki ya sita tuliandika tena usiku 14. Saa 8 usiku alikuwa macho mara 5, badala ya 11. Usingizi wa mchana ulifupika mpaka kama saa moja baada ya chakula. Aliendelea kuamka saa 10 alfajiri karibu kila siku, na hilo halikubadilika mpaka mwisho wa ufuatiliaji. Kidonda hakikutokea. Mwezi wa tatu vidonge viliisha na fedha ya vingine haikupatikana. Alichelewa zaidi kupata usingizi, lakini hakurudi kule alikotoka.

Mabadiliko makubwa zaidi yalikuwa ya mkewe. Safari hii nilimwomba aongeze safu yake mwenyewe kwenye daftari. Wiki ya kwanza safu ile ilikuwa tupu. Aliniambia hakuona la kuandika. Kufikia wiki ya sita iliandikwa "nililala" kuanzia saa 4 mpaka saa 8, na tena saa 8 mpaka adhana.

Uchambuzi

Nilipoagiza balbu itolewe nilikuwa na hoja mbovu kichwani. Niliwaza kwamba taa inaua melatonini ya Mkwezi na giza litairudisha. Kwake hakukuwa na kitu cha kuua. Kimeng'enya chake hakikuwa kinapokea amri usiku wala mchana, taa iwake au izimwe. Kama taa ilimdhuru, ni kwa kumchangamsha na kuisukuma saa ya ubongo, si kwa njia niliyoifikiria.

Mwenye tezi nzima katika chumba kile alikuwa mkewe. Neva zake zilikuwa sawa, jioni ujumbe ulifika, kimeng'enya kilianza kupanda, na juu yake balbu nyeupe iliwaka mpaka asubuhi. Uamuzi niliouchukua kwa ajili ya mume ulimtibu mke, na ulifaa kwa sababu ambayo sikuwa nimeifikiria nilipoutoa. Laiti ningemuuliza mwezi wa kwanza alilala saa ngapi, ningeiona taa ile kabla ya ule uji kumwagika.

Kosa langu kubwa lilikuwa kuipa huzuni kazi yote. Huzuni ilikuwapo, na tuliizungumza naye vizuri baadaye. Lakini asiyelala kwa huzuni mara nyingi hulalamika kwamba amechoka na usingizi haumpati. Mkwezi hakusema hivyo. Alisema yuko macho "kama mchana", na kwa upande wa tezi yake ulikuwa kweli mchana, saa 24. Mtu akinipa maneno yasiyofanana na ugonjwa niliouandika, sasa nayaandika kama yalivyo kwenye faili kabla sijaandika dawa.

Tulikosea pia kubadili mambo mengi kwa wiki moja. Zamu, godoro, jua, chemli, kidonge: siwezi kumwambia mwenzangu kipi kilifanya kazi gani. Vidonge vilipoisha kwa bahati mbaya tulipata fununu kidogo, kwamba vilimsaidia kuanza usingizi na havikumsaidia kuudumisha, na fununu hiyo ni ya mtu mmoja. Kama ningeanza upya ningetanguliza zamu na upande wa kulalia kwa wiki mbili, kwa kuwa pumzi na ngozi havingoji, halafu mwanga, kidonge mwisho.

Shangazi hakuacha kisomo, nami sikumwomba aache. Nilimwomba akisogeze kiwe kabla ya saa 3 usiku, wakati chemli inashushwa, na asome kwa sauti ya chini. Nilipoenda mara ya mwisho ndivyo ilivyokuwa: yeye pembeni ya kitanda na msahafu, utambi umeshushwa, mke ameshalala kwenye jamvi upande wa pili, na Mkwezi, macho wazi bado, ananiashiria kwa mkono wake unaoinuka kidogo kwamba niongee polepole.